Matikiti na Baridi ya Kipupwe

Leo naomba tuzungumze habari ya matikitimaji. Najua wapo watakaosema mwenzetu huyu amekosa la kusema, kwani kilimo cha Masasi na Newala ni korosho, muhogo na mbaazi. Sawa. Lakini mwezi wa saba mmoja nilisimama kando ya barabara pale Newala, sweta mwilini, mbele ya kijana aliyepanga matikiti yake chini ya mwembe. Yalikuwa makubwa na yanang'aa. Akanipasulia moja. Ndani lilikuwa jeupe, lenye wekundu wa kutafutiza, na utamu wake kama maji yaliyosuuziwa kikombe cha chai. Nilimlipa, maana jasho la mtu ni jasho. Wanunuzi wengine hawakuwa na huruma hiyo, na kijana alikwisha tumia fedha kwa mbegu, mbolea na maji ya kununua kwa ndoo. Akaniuliza, "Mzee, mbegu nimeuziwa mbovu?"

Mimi nadhani mbegu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa la kalenda.

Tikiti ni mtoto wa jua. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2021 ulionyesha kwamba ndugu yake wa karibu kabisa ni tikiti la Kordofan, kule Sudan, nchi ya joto na ukavu. Tabia hiyo ya ukoo haijamtoka. Mbegu yake huota vizuri udongo ukiwa na joto la nyuzi 25 na kuendelea. Udongo ukipoa hadi nyuzi 16 hivi, mbegu hukaa tu ardhini, na mara nyingi huoza kabla ya kuchipua. Hata mche ukishasimama, usiku wa baridi huufanya ujikunyate. Majani huwa machache, na majani ndiyo kiwanda cha sukari. Tunda litajaa maji, litanenepa na kumdanganya mwenyewe, lakini sukari itakuwa haba.

Sasa, Newala ipo meta zaidi ya 700 juu ya usawa wa bahari, ukingoni kabisa mwa uwanda wa Makonde. Aliyewahi kusimama Shimo la Mungu wakati wa kusi hahitaji kuelezwa habari ya upepo wake. Mjerumani Karl Weule, mtafiti wa mila aliyepiga kambi Newala mwaka 1906, aliulalamikia sana upepo baridi wa jioni, na yeye alitoka Ulaya! Masasi iko chini zaidi, katikati ya vilima vyake vya mawe. Kwa kawaida kila ukipanda meta 100, hewa hupoa kwa zaidi kidogo ya nusu nyuzi. Basi kati ya miji hii miwili pana tofauti ya nyuzi mbili hivi. Kwa binadamu hiyo ni shuka moja ya ziada. Kwa tikiti ni kuchelewa siku nyingi, na siku hizo zote zinadai maji.

Hapo kwenye maji ndipo penye uchungu. Juu ya uwanda hakuna mto. Mchanga ule mwekundu ni wa kina kirefu na mvua huzama moja kwa moja. Ndiyo maana tangu miaka ya 1950 pamekuwepo mradi wa kuyapandisha maji kutoka mabonde ya chini, na ndiyo maana akina mama waliteremka na kupanda magenge wakiwa na mitungi kichwani. Tupige hesabu ndogo. Mashina 100 ya matikiti, kila shina lita 3 kila baada ya siku moja, ni lita 300, yaani ndoo 15 kubwa za lita 20. Mwenye bomba linalotoka kila siku na aanze. Asiye nalo, na ajiulize kwanza ni nani nyumbani kwake atakayezibeba ndoo hizo, maana mara nyingi anayepanda siye anayebeba.

Tufanyeje basi? Wenzetu wa nchi za baridi, ambako kiangazi ni kifupi na hakina joto la kutosha, wanapata matikiti kwa ujanja ambao sisi tunaweza kuuazima. Huchagua aina ndogo inayowahi, kama Sugar Baby, ambayo huiva kwa siku 80 hivi. Huanzisha miche ndani ya vikopo, mahali penye joto, na hutandika plastiki nyeusi juu ya tuta ili udongo upate moto kabla ya kupandikiza.

Kwa Newala ningesema hivi: sia mbegu katika makopo au mifuko mwanzoni mwa mwezi wa nane, ukutani upande wa kaskazini mwa nyumba. Msishangae. Wakati huo jua letu hupita upande wa kaskazini, na ukuta huo hupata moto mchana na kuutoa jioni. Hamisha miche ikiwa na majani mawili au matatu ya kweli, bila kuvunja udongo wa mizizi, kwani tikiti halipendi kusumbuliwa mizizi. Shamba liwe penye jua tupu, likingwe dhidi ya upepo wa kusi. Mstari wa mbaazi zilizobaki shambani unatosha. Maua yatakuja kipupwe kikiwa kimekwisha, na matunda yataiva mwezi wa kumi na moja, kabla mvua hazijashika na wakati fedha za minada ya korosho zimeanza kuingia mikononi mwa watu. Kero yake ni moja: huo ndio wakati wa kuokota korosho, na mikono ni ile ile. Kwa hiyo bustani iwe ndogo.

Wa Masasi, na wa mabonde ya chini kama Kitangari na Ndanda penye maji ya karibu, wanaweza kutangulia wiki mbili tatu.

Hapa nitawaudhi baadhi ya mabwana shamba. Tumefundishwa kutandaza nyasi ili kuhifadhi unyevu, na ni kweli. Lakini nyasi zikitandazwa mapema huuzuia udongo usipate jua, ukabaki baridi. Ngojeni mwezi wa tisa joto lianze, ndipo mtandaze.

Jambo la nyuki nalo. Ua jike la tikiti, lile lenye kitunda kidogo chini yake, hufunguka asubuhi moja tu. Penye ukungu na upepo nyuki hawatoki. Basi kati ya saa 1 na saa 4 chuma ua dume, ondoa petali zake, upake chavua yake katikati ya ua jike. Ni kazi ya watoto, na wataipenda. Yakishika, acha matunda mawili kwa kila shina.

Mwisho ni salfa. Wengi huwa na masalio ya unga wa kupulizia mikorosho, na wakiona ukungu mweupe kwenye majani ya tikiti huumwagia humo. Kuvu wa mkorosho na kuvu wa tikiti si mmoja, ingawa wanafanana kwa macho. Salfa inaweza kumzuia huyu wa pili pia, lakini jamii ya matikiti ina majani mepesi, na jua likiwa kali salfa huyababua. Ukiona dalili, kata majani yaliyoanza kuugua na umwone bwana shamba kabla hujafungua mfuko.