Kinyago Kinapoacha Kufanana na Mtu

Huenda sebuleni kwako, juu ya kabati la vyombo, kipo kinyago cha mpingo: mzee ameshika mkongojo, au mama anatwanga. Kitazame tena. Makunyanzi ya uso yanahesabika, vidole vina kucha, na mkunjo wa nguo umefuatwa hadi pindoni. Wachongaji wa Kimakonde huuita mtindo huo binadamu.

Usahihi huo haukuzuka bure. Wamakonde wengi walivuka Ruvuma kutoka Msumbiji kutafuta kazi, baadhi yao katika mashamba ya mkonge ya pwani ya Lindi, nao walikuja na ufundi wao. Wanunuzi wa enzi ya ukoloni walitaka kitu wanachokitambua mara moja. Sanamu iliyofanana na mtu ndiyo iliyoleta shilingi.

Katika miaka ya 1950 ikafunguka njia nyingine. Husimuliwa kwamba Samaki Likankoa alikuwa akikaribia kumaliza sanamu ya mtu, mkono ukavunjika. Hakuitupa. Aliendelea kuchonga bila kufuata umbo la mwili, kikatokea kiumbe cha ajabu. Mfanyabiashara wa Dar es Salaam, Mohamed Peera, alikipenda, na mtindo wa shetani ukaenea. Baadaye ulikuja mtindo wa mawingu, ambao Clementi Ngala hutajwa kuwa mwanzilishi wake. Humo jicho moja, mkunjo wa bega na uwazi wa kupitisha mwanga vinatosha. Yaliyosalia unayakamilisha wewe mtazamaji.

Je, huo ni uvivu? Wako wanaodhani hivyo. Lakini mchonga binadamu anacho kipimo: pua ikipinda, kila mtu ataiona. Mchonga mawingu hana kipimo ila jicho lake, na mpingo ukishakatwa haurudishiki. Hapana budi ajue vema anachokiacha. Tena anahatarisha riziki, kwa kuwa mteja aweza kuuliza, “Hiki ni nini?” akaenda zake, ilhali nyumbani watoto wanasubiri unga.

Gogo lenyewe nalo lina sauti katika shauri hili. Misitu ya Kilwa ina mpingo, na mwaka 2009 baadhi ya vijiji vya wilaya hiyo vilipata cheti cha kimataifa cha utunzaji bora wa misitu. Mti huo hukua polepole mno, tena aghalabu hupinda na kujaa mafundo. Kwa atakaye mtu aliyesimama wima, pindo hilo ni hasara. Kwa mchonga mawingu, ndipo kazi inapoanzia.

Ukifika Kilwa Masoko asubuhi yenye ukungu, tazama ng’ambo ya mlango wa bahari, Kisiwani. Huhesabu mawe ya Gereza kuukuu. Unaona kwanza kivuli kimoja kizito juu ya maji, kisha tanga, kisha mwanga. Jicho lenyewe huanza na umbo kubwa. Maelezo madogo hufuata baadaye.

Basi mtoto akikuletea picha ya bahari, nayo ni mapigo machache tu ya brashi ya buluu na kijivu, usimwamrishe aongeze kamba za jahazi. Muulize kwanza ameona nini. Huenda ameona zaidi yako.