Safu niliyoificha kwenye kompyuta, mteja akaiona kwenye simu

Leo sina mbinu ya kuongeza wateja, nina hasira tu, ila ukinisoma mpaka mwisho huenda ukaokoa hela yako.

Nauza vifaa vya ujenzi: vitasa, bawaba, misumari, rangi. Shule niliishia form four, kompyuta nimejifundisha mwenyewe dukani jioni wateja wakipungua, kwa kubonyezabonyeza tu. Nikatengeneza jedwali la bidhaa zangu zote: bei niliyonunulia, bei ya jumla, bei ya rejareja. Siku nilipogundua kwamba safu inaweza kufichwa nikajiona nimefika. Nikaificha ile ya bei ya kununulia, nikamtumia faili fundi mmoja ambaye ni mteja wangu mkubwa.

Haikupita nusu saa akapiga. "Dada yangu, kitasa umechukua 9,500, mimi unaniuzia 14,000? Nimekuletea nyumba ngapi mimi?"

Nilidhani anatania. Kumbe programu ya simu yake imefungua faili na kuonyesha kila kitu. Nauli ya mzigo, kodi ya fremu, vitasa vinavyorudishwa vibovu, hivyo vyote havionekani kwenye safu ile, kinachoonekana ni tamaa yangu tu. Nyumba ile ilikuwa na milango minane. Nikampa kila kitasa kwa 11,000 ili nisimpoteze, 24,000 ikaenda hivyo.

Nikaanza kuchimba kwa nini. Faili la hesabu linaloishia na .xlsx kwa kweli ni kifurushi cha mafaili madogo madogo yaliyobanwa pamoja. Ukichukua nakala yake ukabadilisha mwisho ukaandika .zip, unaweza kulifungua ukaona matumbo yake. Safu uliyoificha ipo mle mle na namba zake zote, imewekewa alama tu ya kusema "hii usiionyeshe". Programu moja inatii alama, nyingine inapita kama haijaiona. Na hata ile inayotii, mteja mjanja anaifichua kwa kubonyeza mara mbili tatu. Kwa hiyo kuficha siyo kufunga, jamani.

Programu ya kompyuta na ya simu zinaweza kuwa na jina moja na nembo moja, lakini ni vitu viwili vilivyotengenezwa tofauti. Ya simu mara nyingi inapunguziwa mambo. Hili ndilo linaloniudhi, maana hakuna anayekuambia kimepunguzwa nini mpaka kikuumize.

Kwenye programu ya meseji nako ni hivyo hivyo. Nilikuwa naweka lebo kwa wateja, "anadaiwa", "kalipa", "mzigo njiani". Nikaunganisha meseji zangu na kompyuta ili niandike haraka, lebo sikuziona huko. Nikabaki na simu mkono mmoja na mkono mwingine kwenye kibodi, kama nahesabu mifuko ya simenti kwenye lori. Madeni nimerudisha kwenye daftari la kaunta, na sioni aibu.

Angalia pia namba za simu. Ukiandika 07 na kuendelea, kompyuta inaona ni hesabu, inakula sifuri ya mwanzo. Kabla hujaandika, iambie safu hiyo ni ya maandishi. Na tarehe za madeni: 03/04 kwako ni tarehe tatu mwezi wa nne, kwenye kifaa kilichopangwa Kimarekani ni tarehe nne mwezi wa tatu. Mimi sasa naandika jina la mwezi.

Bei za wateja nazituma hivi. Nafungua faili jipya kabisa, nanakili jina la bidhaa na bei ya kuuzia peke yake, na nikibandika nachagua kubandika namba tupu bila kanuni za hesabu. Halafu nalihifadhi kama PDF. PDF ya namna hii kwa kawaida inaonyesha kile kilichochapwa tu, na sura yake haibadiliki sana kutoka kifaa hadi kifaa. Kabla sijamtumia mtu najitumia mwenyewe, naifungua kwenye simu yangu, halafu kwenye simu ya mdogo wangu ambayo ni ya aina nyingine.

Ubaya wa PDF ya namna hii ni kwamba mteja hawezi kujaza idadi humo kirahisi. Nimeipa kila bidhaa namba, mteja ananiandikia "14 vipande 6" na mimi naelewa. Siyo nzuri kama jedwali, ila inaenda.

Yule fundi bado anakuja. Akifika mlangoni anaanza, "Mama 9,500, habari za leo?" Na kila bei nikitaja anauliza kwanza ile iliyofichwa ni ngapi.