Alteneta Isipotia Umeme katika Betri

Dereva atokaye Kitengela kwenda Kajiado, akiona taa nyekundu yenye picha ya betri ikiwaka mbele yake, aghalabu husema, "Betri imekufa," na akifika mjini hununua mpya. Siku mbili baadaye gari halitaki kuwaka tena. Kosa hili huwapotezea watu fedha nyingi, maana betri ni ghala tu. Mwenye kulijaza ghala ni alteneta, mashine ndogo izungushwayo na mkanda wa injini.

Taa hiyo ikiwaka safarini, simama mahali pa salama, zima injini, kisha funua boneti utazame mkanda. Ukiwa umekatika, usiendelee, kwa kuwa katika magari mengi mkanda huo huo huzungusha pampu ya maji, na injini itachemka. Ukiwa mzima, zima redio na feni, uendelee polepole mpaka Isinya au mji mwingine ulio karibu, ila iwe mchana. Usiku ni habari nyingine: taa kubwa mbili peke yake hula kama ampea 9, na katika nchi ile ng'ombe na wanyama wa mwituni huvuka barabara gizani. Heri kulala njiani.

Kwa fundi, kipimo ni rahisi. Mita ya volti ikiwekwa kwenye betri, injini ikiwa imezimwa, yapasa kuonyesha volti 12.6 hivi, injini ikiunguruma, 13.8 hadi 14.5. Isipopanda, na ipimwe penye waya mnene nyuma ya alteneta yenyewe. Ikiwa huko ni 14 na kwenye betri ni 12, ubaya u katika waya au fyuzi, wala alteneta haina hatia.

Wako mafundi wang'oao waya wa betri injini ikiunguruma, wakidai kwamba gari lisipozimika alteneta ni nzima. Desturi hii ni ya zama za dainamo. Usikubali hata kidogo! Volti hupanda ghafula zikaunguza dayodi zilizomo ndani ya alteneta, na pengine hata kompyuta ya gari.

Ikithibitika kwamba alteneta ndiyo mbovu, uliza kwanza habari za kaboni zake, yaani vipande viwili vidogo viliwavyo polepole na mzunguko, na vumbi huharakisha kazi hiyo. Mara nyingi vikibadilishwa, alteneta ile ile hutia umeme tena.