KUIJUA DAMU YA NG'OMBE WA MAZIWA KWA NYWELE ZA MKIA

Mkulima anayetaka kununua mtamba wa maziwa huambiwa na mwenye mali kwamba mnyama huyo ni nusu, au robo tatu, damu ya Friesian. Hutazama rangi nyeusi na nyeupe, kisha hutoa fedha, pengine fedha za kahawa ya mwaka mzima. Lakini rangi si ushahidi. Ng'ombe ana vinasaba zaidi ya 20,000, na vinavyoamua rangi ya ngozi ni vichache tu. Mnyama aweza kurithi rangi ya babu yake wa kigeni pasipo kurithi maziwa.

Utalifahamu jambo hili upesi kwa mfano wa shambani. Mahindi chotara yaliyonunuliwa dukani huota sawasawa. Ukipanda tena mbegu ulizovuna katika shamba hilo, mwaka wa pili mengine yatakuwa marefu, mengine mafupi. Ndivyo ilivyo kwa ng'ombe. Jike wa kienyeji akipandwa na dume safi wa Friesian, ndama ni nusu kwa nusu, hapana shaka. Lakini mtamba huyo akipandwa na dume ambaye naye ni nusu, ndama wao huitwa nusu kwa hesabu tu. Mmoja aweza kuzidi nusu, na ndugu yake akapungua, kwa sababu kila mzazi hutoa sehemu ya vinasaba vyake kama bahati nasibu. Baada ya vizazi vitatu pasipo kumbukumbu, hapana mtu awezaye kutambua kwa macho.

Kipimo cha maabara hutambua. Vipimo vilivyoanza kutumika kiasi cha mwaka 2008 vilisoma alama zaidi ya 50,000 katika vinasaba, na gharama ilimzidi mtu mwenye ng'ombe wawili. Baadaye watafiti walionyesha, kwa ng'ombe chotara wa Afrika Mashariki, kwamba alama mia chache zilizochaguliwa vema zatosha kujua kadiri ya damu ya kigeni. Hapo ndipo unafuu ulipotoka.

Kinachotakiwa ni nywele ndefu za mwisho wa mkia. Zing'oe pamoja na mizizi yake. Thelathini hivi zatosha. Usizikate kwa mkasi, maana vinasaba vyenyewe vimo katika mzizi. Epuka nywele zenye mavi. Zitie katika bahasha ya karatasi, wala si mfuko wa plastiki, kwani unyevu huziharibu. Andika namba ya hereni juu ya bahasha kabla hujamshika mnyama wa pili. Kuchanganya bahasha ni kubaya kuliko kutopima kabisa: utaamini uongo wenye muhuri.

Majibu yakija, usidhani kwamba damu nyingi ndiyo bora. Ng'ombe aliye karibu na Friesian safi hula sana, hunywa sana, na ndigana kali humwangusha upesi. Ikiwa mabingobingo yako hukauka mwezi wa Agosti, na dawa ya kuogesha waipata kwa shida, mimi ningekushauri ushike nusu. Mtamba akionekana amepita robo tatu, usimpandishe tena kwa mbegu ya Friesian. Shauriana na mhimilishaji juu ya dume mwenye damu ya Sahiwal au Mpwapwa.

Kipimo hicho pia huthibitisha baba, ikiwa nywele za dume nazo zimepimwa. Hili ni jambo kubwa katika vijiji vyenye dume mmoja, ambaye baada ya miaka mitatu huanza kuwapanda binti zake mwenyewe. Ndama wa namna hiyo mara nyingi huwa dhaifu.

Lakini fahamu kwamba kipimo cha damu hakisemi lita. Ili vinasaba vitabiri maziwa, lazima kwanza wapimwe ng'ombe wengi ambao maziwa yao yameandikwa. Kazi hiyo ilianzwa na ILRI ya Nairobi pamoja na wenzao wa Tanzania na Ethiopia katika miaka ya 2010, kwa ng'ombe wa wafugaji wadogo.

Basi kabla ya kulipa, patana na muuzaji akuruhusu kung'oa nywele, nawe umpe fedha za mwisho majibu yakifika. Muulize afisa mifugo wa kata mahali pa kuzipeleka. Na jirani zako wakitaka kupima, pelekeni bahasha zote pamoja, kwani maabara hupima sampuli nyingi kwa mara moja.