Masalio Yahesabiwe Mahali Pamoja

Upande huu wa Kimuka, nyuma ya vilima vya Ngong, upepo ni mali. Juu ya vilima KenGen ina mitambo ya megawati 25.5, na katika kaunti hii hii ya Kajiado mitambo 60 ya Kipeto, yenye uwezo wa megawati 100, imekuwa ikiuza umeme tangu 2021. Upepo ukishuka ghafla, wasimamizi wa gridi huziba pengo kwa nguvu za maji au kwa mafuta ya bei ghali. Kutabiri saa chache zijazo ni kuokoa pesa.

Programu ya utabiri hujipima kwa historia. Kwa kila saa iliyopita modeli hutoa kadirio. Toa kadirio hilo kwenye umeme uliozalishwa kweli, kinachobaki ndicho masalio. Hesabu nyepesi, ila katika maktaba za takwimu mara nyingi kila modeli huandikiwa ya kwake, na hapo makosa hupenya.

Chukua modeli inayokadiria saa hii kwa kutazama saa kama hii jana. Saa 24 za kwanza hazina jana, basi hazina kadirio. Mtengenezaji mmoja ataziacha wazi. Mwingine atajaza sifuri. Wa tatu atanakili umeme halisi, masalio yawe sifuri kana kwamba modeli haikukosea. Wa nne, ambaye namwogopa zaidi, atazikata: orodha inafupika, na kadirio la Jumanne adhuhuri linapimwa kwa upepo wa Jumatatu. Programu haikwami wala hailalamiki.

Kuna pia suala la vipimo. Tuseme umeme halisi ni megawati 40, kadirio 50. Masalio ni hasi 10. Modeli inayotumia logarithimu itaandika takriban hasi 0.22. Zote ni sahihi: ya kwanza inamfaa msimamizi wa gridi, ya pili inamfaa anayechunguza kama modeli imeacha mwenendo fulani bila kuukamata. Zikiitwa jina moja, mtu atadhani modeli ya pili ni bora mara 45. Maktaba ya fable ya lugha ya R, kazi ya Rob Hyndman wa Chuo Kikuu cha Monash na wenzake, humwachia mtumiaji achague aina anayoitaka, na naona wamefanya jambo la maana sana.

Kwa hiyo msimbo wa maktaba kama hizi ukipangwa upya, kila modeli itoe kadirio lake tu na kutaja mageuzi iliyoyatumia, kama logarithimu. Kulinganisha saa, kutoa na kurudisha matokeo kwenye megawati kufanywe na sehemu moja. Saa zisizo na kadirio zibaki wazi, zisijazwe chochote. Majaribio ya zamani, yaliyoandikwa kwa majibu ya msimbo wa awali, huenda yakafeli, na msimbo mpya usilaumiwe kabla ya mtu kuchukua kalamu na kukokotoa saa chache kwa mkono, kwa sababu huenda jibu la zamani ndilo lililokuwa kosa. Upana wa mipaka ya utabiri hutokana na masalio haya. Yakipunjwa, gridi huweka akiba pungufu.