HITA YA INJINI: YATUFAA HAPA KWETU?



Madereva wanaobeba mahindi na abiria kati ya Nakivale na Mbarara wanatuuliza juu ya hita za injini. Jamaa zao waliohamia Kanada huwaeleza kwamba huko, siku za barafu, gari la dizeli hulala limeunganishwa na umeme.

Kwetu alfajiri ina baridi, lakini haifikii kugandisha dizeli. Tena hita ya Kanada ni ya volti 120, na umeme wa Uganda ni volti 240. Ukiichomeka hapa nguvu yake huzidi mara nne. Itaungua, na pengine kuchoma gari. Tusitupe mshahara huko.

Dizeli haiwashwi kwa cheche, bali kwa joto la hewa iliyoshindiliwa ndani ya silinda. Gari kuukuu likikataa kuwaka asubuhi, kagua kwanza hita plagi. Chomoa waya wake, unga taa ya kupimia kwenye chanya ya betri, kisha gusa kichwa cha plagi. Taa isipowaka, plagi hiyo imekufa. Halafu pima betri.

Wako matajiri wanaomwamuru utingo awashe moto chini ya injini. Jambo hili tunalipinga. Oili na dizeli zinazovuja hushika moto. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2006 yamtaka mwajiri alinde wafanyakazi wake. Plagi mpya ni gharama ya tajiri. Mkono wa mfanyakazi ukiungua hauna spea.