Lubaina Himid, Mchoraji wa Waliokosa Majina

Anayetoka Bujumbura kwenda Gitaza kwa barabara ya Rumonge hupita karibu na Mugere, penye jiwe kubwa lililochongwa majina ya wasafiri wawili wa Kizungu, Livingstone na Stanley, na tarehe 25 Novemba 1871. Msafara wa Stanley ulianzia Unguja. Wapagazi waliobeba mizigo yake hadi Ziwa Tanganyika, na wapiga kasia waliowaleta wageni hao kutoka Ujiji, hawamo jiweni.

Watu wa namna hiyo ndio anaowachora Lubaina Himid.

Alizaliwa Zanzibar mwaka 1954. Baba yake, mwalimu Mkomoro, alifariki kwa malaria mtoto akiwa na miezi minne tu, na mama, mbunifu wa vitambaa, akarudi naye kwao Uingereza. Lubaina alisomea upambaji wa majukwaa ya michezo ya kuigiza. Ndiyo maana watu wake wengi hawaning'inii ukutani: huwachora kwenye mbao zilizokatwa kwa umbo la binadamu, wakasimama sakafuni kama waigizaji.

Katika miaka ya 1980, majumba makubwa ya sanaa ya London hayakuwa na nafasi kwa wanawake weusi. Himid hakungoja kualikwa. Mwaka 1983 aliandaa maonyesho ya wanawake watano, na 1985 akawakusanya kumi na mmoja katika taasisi ya sanaa ya ICA, London. Walichopewa ni ukuta wa ujia.

Mwaka 2017 alishinda Tuzo ya Turner, tuzo mashuhuri ya sanaa ya Uingereza, mwanamke mweusi wa kwanza kuipata. Alikuwa na miaka 63. Hadi mwaka uliotangulia, aliyefika miaka 50 hakuruhusiwa kuishindania.

Zanzibar haikumtoka. Amechora picha kwa mtindo wa kanga, vazi ambalo maandishi yake Waswahili huyaita jina.

Majina ndiyo kiini cha kazi yake ya 2004, Naming the Money: watumwa 100 wa majumba ya matajiri wa Ulaya, kwa ukubwa wa mtu halisi. Wamo wapiga ngoma, washona viatu, wafinyanzi, waganga wa mitishamba. Kila mmoja ana jina la kwao na jina alilobandikwa na bwana, kazi aliyoijua na kazi aliyolazimishwa. Maelezo hayo yameandikwa mgongoni, juu ya karatasi ya mahesabu. Anayetaka kuyasoma hana budi kuingia katikati yao na kuwazunguka, mmoja mmoja.